Mkato wa Mshazari

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliotesha vijiti kitaluni kwa miaka ishirini na tisa, na miwili ya mwisho aliifanya kazi hiyo akiwa haoni. Nalitanguliza hili ili nisije nikaambiwa nimelificha. Kuficha tulificha vya kutosha tulipokuwa tunaweza.

Wasichana wa kujaza viriba, vile vifuko vya nailoni vya kukuzia miche, walimwita Mama Vidole, kwa kumcheka, maana vidole vyake vilikuwa vifupi na vinene, na kucha hazikutakata hata azisugue kwa sabuni ya kufulia. Jina likamganda, na baadaye likawa la heshima. Mtoto hakujaliwa. Mume alikaa naye mwaka mmoja na nusu, akatokomea, na wifi hakuwahi kumtaja ila siku akikuta kijiti kilichooza. Hapo alikibonyeza na kusema, "Hiki kama yule bwana. Nje kijani, ndani maji."

Kaka yake alipofariki nilidhani atanitimua kwenye nyumba yao, maana tulikuwa hatuivi chungu kimoja. Hakunitimua. Alihamisha kitanda chake akakiweka chumba cha mbele, akaniagiza nimsaidie kusukuma kabati, na wiki iliyofuata akanipeleka kitaluni nikaandikishwa kazi ya kujaza viriba. Tukaishi hivyo, wajane wawili kwa namna zetu, tukigombana kuhusu chumvi na kuhusu nani aliacha mlango wa uani wazi.

Kitalu chenyewe kiko nyuma ya kiwanda cha mbao. Kuna mabanda manne yaliyoezekwa wavu wa kivuli, stoo ya bati, ofisi yenye dirisha moja la kioo, na katikati meza ndefu ya saruji ambayo ndiyo ilikuwa ufalme wa wifi. Hapo matawi yalikatwa vijiti, vijiti vikachovywa dawa, kisha vikachomekwa kwenye matuta ya mchanga ndani ya kihema cha nailoni, humo joto na unyevu wake kama chumba cha mgonjwa. Sisi wa viriba tulikaa nje, juani, na koleo zetu. Kufika kwenye meza ile ilikuwa ni kupandishwa cheo.

Miaka ya nyuma alipelekwa mafunzo ya wiki moja, na alichojifunza huko kilimkaa kuliko alichojifunza kwa mumewe. Mmea, alisema, una maji yake ya siri, na wataalamu wanayaita homoni. Yanatengenezwa kwenye ncha, pale majani machanga yanapochomoza, na kutoka hapo yanashuka. Hayapandi, yanashuka tu. Ukikata tawi, yale maji yanafika penye jeraha, yanakosa pa kwenda, yanarundikana, na pale yaliporundikana ndipo ngozi inapovimba na mizizi kutoka. Unga tunaopaka ni mfano wa maji hayo uliotengenezwa kiwandani, wa kukiongezea nguvu kijiti kivivu.

"Kijiti hakijui udongo uko wapi," aliniambia siku moja akimenya viazi. "Kinajua kichwa chake na kitako chake, basi. Ukilaze, ukining'inize, kitako ni kitako."

Nikamjibu kwamba nawafahamu watu wazima wasiojua hata hayo. Akacheka mpaka kisu kikamponyoka.

Dawa ile alikuwa mchoyo nayo ajabu. Kidogo huita mizizi, nyingi huifukuza, na wasichana wageni hawakulielewa hilo. Walichovya vijiti kama mkate kwenye chai, wakidhani wanakifanyia kijiti hisani. Wifi aliweka juu ya meza, ndani ya kopo la maziwa, kijiti kimoja kilichozidishiwa dawa. Kitako kilikuwa kimevimba kama mguu wa mgonjwa, bila uzi mmoja wa mzizi. Kila mgeni alipewa akishike kabla hajapewa mkasi.

Na ilikuwapo sheria nyingine, ambayo haikuandikwa popote kwa sababu kila aliyekaa mezani alifundishwa na wifi mwenyewe: chini ya kijiti unakata mshazari, juu unakata bapa. Kijiti kisicho na majani kinafanana huku na huku, hasa vitumba vikiwa bado vimelala. Kwa mkato ule, hata mwenye haraka, hata mwenye mawazo yake, mkono wenyewe unamwambia upande wa kuingia mchangani.

Macho yake yalianza kufa pembeni. Kwanza aligonga toroli lililoegeshwa mahali pake pa kila siku, akamkaripia mwenye toroli. Kisha akamwagia chai kando ya kikombe. Nikampeleka hospitali kwa nguvu, na daktari akasema ni presha ya macho, imeshakaa sana. Kilichopotea kimepotea, na dawa ya matone ni ya kulinda masalio. Masalio yenyewe yakaendelea kupungua. Mwaka wa pili akawa anaona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu aliyesimama mlangoni, lakini mtu mwenyewe hamjui mpaka aseme.

Nilimwambia aache kazi. Alikuwa ameketi kitandani, anasugua kifundo cha kidole gumba, kama kawaida yake akifikiri.

"Nikitoka pale, wifi," akasema, "nitakuwa nani?"

Kitaluni hakuna kazi ya asiyeona. Msimamizi alishamwondoa mwenzetu mmoja kwa sababu ya kifua tu, kwa kukohoa mbele ya wateja. Basi nikakubali kuwa mshirika wake. Asubuhi nilitembea hatua moja mbele yake, nikiburuza kandambili ili asikie niliko. Kutoka langoni hadi mezani ni hatua mia moja na arobaini, akazihifadhi. Watu aliwajua kwa miguu yao na kwa kikohozi. Alinunua miwani sokoni, si ya kuona, ya kuonekana anaona, na wasichana wakasema sasa Mama Vidole amekuwa karani. Kazi yenyewe aliifanya kwa gumba: akipapasa mshazari, anajua chini, akichota dawa kwa kitako cha kijiti, anakipiga kwenye ukingo wa kopo mara mbili, unga wa ziada unadondoka, anachomeka. Vijiti vyake vilishika kuliko vya wenye macho mawili.

Kilichoanza kumshinda ni kukata. Mkasi haupapaswi. Mara mbili alijikata, akasema ni mwiba. Kwa hiyo siku matawi ya mkomamanga yalipoletwa, mimi ndiye niliyejitolea.

Matawi hayo yalikuwa ya mteja mmoja mzee aliyekuwa anauza kiwanja chake. Mkomamanga wake ulikuwa wa zamani sana, matunda yake matamu bila ukakasi, na mnunuzi alikuwa ameshaung'oa asubuhi ile ile kwa trekta ili ajenge. Mzee alipakia matawi kwenye pikapu akayaleta mwenyewe, akataka miche mia tatu, awagawie wanawe na majirani zake. Mwenye kitalu akampa mkono kwamba ataipata. Hapakuwa na tawi jingine la kurudia.

Msimamizi tulimwita Nukta, kwa sababu kila amri yake aliifunga hivyo: viriba elfu moja kabla ya saa sita, nukta. Alianzia kazi kwenye meza ya wifi, yeye ndiye aliyemfunza, na hata baada ya kupewa ofisi alimwita mama. Siku hiyo wakataji wawili hawakuja. Nikamwambia Nukta mimi najua mkasi, nimekata waridi tangu usichana wangu. Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyedai kujua kusoma, lakini matawi yalikuwa yananyauka, akaniruhusu.

Na kweli najua mkasi. Nilifundishwa nikiwa na miaka kumi na sita, kwenye bustani ya waridi ya hospitali, na mtunza bustani aliyekuwa anapiga vidole vya mkosaji kwa fimbo. Kwake yeye sheria ilikuwa juu unakata mshazari, ili maji yateleze yasiozeshe kidonda, na chini unakata bapa. Mikono yangu ikafanya ilivyofundishwa kwa fimbo. Nilikata vijiti mia tatu na ishirini, nikavifunga mafungu ya ishirini kwa mpira wa baiskeli, nikamsogezea wifi kwenye ndoo. Sheria ya meza nilikuwa nimeisikia akiwafokea wasichana, si mara moja. Lakini mimi nilikuwa mtu wa viriba, hainihusu; iliingia sikio hili ikatokea lile. Kabla hajafungua hata fungu la kwanza, nikaitwa kwenda kupakua lori la samadi.

Yeye akaingia kihemani na ndoo yake, akapapasa mshazari, akachovya, akachomeka. Vyote. Kimoja kimoja, kwa uangalifu, kichwa chini.

Wiki ya tatu mkomamanga ungepaswa kufumbua vitumba. Haukufumbua. Wiki ya tano Nukta akafunua pembe ya nailoni, akang'oa kijiti kimoja cha ukingoni, akakuta ncha iliyokuwa mchangani imeoza, nyeusi, inanuka. Hakuangalia zaidi. Akaamua dawa imeharibika, na dawa ikiharibika mwenye kosa ni mtunza stoo, maana kopo lilitakiwa kukaa mahali pa baridi na yeye aliliacha kwenye rafu chini ya bati. Mtunza stoo alikuwa mwanaume mpole, mlemavu kidogo wa mguu, mwenye tabia ya kusinzia baada ya chakula. Akaambiwa aandike barua ya kujieleza, na kila mtu alijua barua za namna hiyo huishia wapi.

Jioni hiyo wifi hakula. Alisema dawa ile aliinusa na kuisugua kati ya vidole siku ile, ilikuwa kavu, nyepesi, haina kasoro. Akaniomba niende mapema kesho nikaangalie vijiti vizuri, halafu nimweleze kila kitu nilichokiona, nisiruke.

Nikaenda kabla ya wenzangu. Nikafunua nailoni yote. Ndani kulikuwa na ukungu, na vijiti vimesimama kwenye mistari yake kama askari. Nikainama. Juu ya vijiti, hewani, palipokatwa bapa, palikuwa na nyuzi nyeupe. Fupi, nyembamba, zimetoka pande zote za mkato na kujikunja kuelekea chini. Mizizi. Ilikuwa imeota mahali pake halali, kwenye kitako, isipokuwa kitako kilikuwa juu. Nyingi zilikuwa zimeshakauka ncha na kugeuka rangi ya kutu. Nikaketi pale pale kwenye matope.

Nilimwambia tukiwa bombani, tunaosha koleo. Nilianza kwa kuzunguka, akanikatiza.

"Mshazari uliuweka wapi?"

"Juu, wifi."

Akafunga bomba. Maji yakaendelea kudondoka kwenye ndoo, na mimi nikaanza kumwaga maneno. Nilimwambia tunyamaze. Nilimwambia mtunza stoo hata hivyo ni mvivu, analala mchana, angefukuzwa siku moja kwa jambo jingine. Tena nikamwambia, na hili ndilo ninalolionea haya mpaka leo, kwamba yule ni mwanaume, atapata pengine. Mguu wake nilijitia kuusahau.

"Ana watoto wanne," wifi akasema.

Nikasema basi mimi nitakwenda kukiri kwamba nilikata vibaya. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mgeni mkasi, watakachouliza baada ya hapo ni nini. Nilikijua. Watauliza iweje Mama Vidole wa miaka ishirini na tisa, aliyevishika vijiti vyote mia tatu na ishirini, asione vitumba vimeelekea chini. Vitumba vya mkomamanga ni vidogo, lakini mwenye macho anaviona. Kwa hiyo kosa langu lingemfikisha pale pale, ila tungekuwa wawili.

"Mmoja wetu lazima abaki na kazi," akasema. "Na ukifungua mdomo ofisini, sitakaa na wewe nyumba moja."

Ofisini tuliwakuta Nukta, mtunza stoo na barua yake mkononi, na binti mmoja mtaalamu wa kilimo aliyeitwa kuja kupima dawa. Wifi alisimama mlangoni, hakuingia, kwa sababu ndani viti huhamishwa na yeye hakutaka kujikwaa mbele yao. Akasema dawa haina kosa. Akamwambia mtaalamu aende kihemani akaangalie juu ya vijiti badala ya chini. Binti akaenda, akarudi ameshika kijiti kimoja kwa vidole viwili. Akaeleza yale yale aliyokuwa akieleza wifi, kwa maneno ya chuoni: kwamba homoni hushuka kutoka nchani hata ukikipindua kijiti, hivyo mizizi ilitoka juu; na kwamba dawa ilipakwa kwenye ncha, ambako haikuwa na kazi ila kuvitia ganzi vitumba visichipue. Vimepandwa kichwa chini vyote, akasema. Alisema kwa mshangao tu, hakuwa na ubaya.

Nukta akamgeukia wifi. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mama, umepandaje hivi?"

"Sioni," akasema wifi.

"Huoni nini?"

"Sikuoni wewe."

Mtunza stoo aliinamisha kichwa, akaikunja barua yake. Nukta akauliza tangu lini, akajibiwa. Akauliza nani alijua, na wifi akasema hakuna. Akauliza vijiti vilikatwaje, na wifi akasema vilikatwa sawasawa, ni yeye aliyevichanganya ndani ya ndoo. Alikuwa amegeuza uso upande niliokuwa nimesimama, si kwa kuniona, kwa kusikia ninavyopumua. Ulimi huu unaojulikana mtaa mzima, siku hiyo niliukalia kama mtu anayekalia pesa.

Nukta alimwambia akapumzike nyumbani, mambo yake yatashughulikiwa. Hakusema nukta, na kila mtu alielewa kwamba ameisema. Mtaalamu alijaribu kuokoa vijiti arobaini vilivyokuwa bado na mizizi hai. Aliviosha, akavigeuza, akavipanda upya kwa mkono wake. Mizizi ya namna ile ikishaguswa hukatika, na vichwa vilivyokuwa mchangani vilikuwa vimeshaoza. Hakikushika hata kimoja. Mzee wa mkomamanga alikuja kuvitazama, akakiokota kimoja kwenye rundo la taka, akakiweka mfukoni, akaondoka bila kudai neno.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Siku ile wifi aliomba apitie mezani achukue kanga yake na mkasi wake. Akalipapasa lile kopo la dawa, akabana kifuniko vizuri, akaacha lilivyokuwa. Wasichana walikuwa wameshasikia. Waliacha koleo wakasimama kwenye mstari wa viriba, hakuna aliyecheka wala kunong'ona, na ule ukimya ukamwambia wako pale.

"Wananitazama?" akaniuliza chini chini.

"Wanakutazama."

"Usinishike. Mpaka tupite kona."

Akaanza kuhesabu. Mimi mbele, kandambili zangu zikiburuza. Kama hatua ya tisini hivi, lori la asubuhi lilikuwa limemwaga mchanga katikati ya njia, lundo la kufika gotini, na yeye analiendea moja kwa moja na kichwa chake kiko juu. Nikajifanya nakohoa, nikasema, "Kushoto." Akaenda kushoto kama mtu aliyeliona lundo tangu mbali. Alimpa mlinzi mkono langoni, akamuulizia mkewe. Tukatoka. Tukaufuata ukuta wa kiwanda cha mbao, msumeno unapiga kelele ndani, tukapita kona.

Hapo mkono wake ukanitafuta hewani, ukanikosa mara ya kwanza, kisha ukanikamata juu ya kiwiko. Ulikuwa wa baridi, na ulibana mpaka ukaniachia alama. Hakulia. Aliniuliza tu kama kuna mtu njiani, nikamwambia hakuna, akaacha kunyoosha mgongo.

Mimi nilipandishwa mezani mwezi uliofuata, kwa kuwa najua mkasi. Asubuhi namwachia chai kwenye chupa na redio karibu na mkono, nafunga mlango wa uani, naenda. Nikirudi namkuta kwenye kiti kile kile, uso umeelekea mlangoni, na kabla sijavua viatu ananiuliza leo tumechomeka vijiti vya nini.